Sarafu ya Telegram na Akiba ya Miezi ya Kufungwa Ziwa

Hotuba ya kitengo cha mahusiano ya jamii kwa wakazi wa Kabuta na vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge

Tumechagua kusema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayovuka ziwa hili pamoja na samaki. Wale wanaosikia Kibemba zaidi watafasiriwa na walioketi karibu nao, kama ilivyo desturi ya soko letu.

Swali moja limekuwa likitufikia kuliko hata ugomvi wa nyavu: je, ile sarafu ya Telegram inafaa kuwekewa akiba? Limeulizwa na vijana, limeulizwa na wahasibu wa vikundi vya chilimba, na limeulizwa na watu wazima ambao hawana simu ya kisasa lakini wana mtoto mwenye nayo. Hatutalijibu kwa kukemea. Mtu anayetafuta mahali pa kuweka jasho lake si mjinga wala si mkosaji, na kwa kuwa benki ziko mbali na vijiji vingi vya mwambao, ni haki yake kuuliza. Ila swali hilo limebeba maswali mawili ndani yake. La kwanza ni hili: sarafu yenyewe, ile ya kweli, ina thamani gani? La pili: yule anayekuuzia hapa Kabuta anakuuzia nini hasa? Watu wengi husikia jibu la swali la kwanza, wakalitumia kwa swali la pili, na hapo ndipo wanapopotea.

Tuanze na sarafu ya kweli, kwa maana ipo.

Telegram ilianzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili wa Urusi, Pavel na Nikolai Durov. Mapema mwaka 2018 kampuni hiyo iliwaahidi wenye mitaji wa dunia kwamba itaunda sarafu yake iitwayo Gram, na kwa ahadi hiyo ikakusanya dola za Marekani bilioni 1.7, kabla sarafu hata moja haijatoka. Oktoba 2019, sarafu ilipokaribia kutolewa, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilikwenda mahakamani mjini New York, ikidai kwamba kampuni inauza dhamana ya uwekezaji bila kuisajili. Machi 2020 jaji aliuzuia ugawaji wa sarafu hizo. Mei mwaka huohuo Pavel Durov akatangaza kwamba kampuni yake imejitoa. Juni 2020 kampuni ilikubali kuwarudishia wanunuzi zaidi ya dola bilioni 1.2 na kulipa faini ya dola milioni 18.5.

Tunawaomba msilipite jambo hilo haraka. Wanunuzi wale walikuwa matajiri wenye mikataba ya maandishi na mawakili, wakiwa mbele ya mahakama iliyoweza kuiita kampuni kwa jina na kuilazimisha ijibu. Ndiyo sababu fedha zao zilirudi kwa sehemu kubwa. Mvuvi wa Kabuta aliyetuma kwacha zake kwa namba ya simu hana hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Programu zilizokuwa zimeandikwa kwa ajili ya Gram zilikuwa wazi kwa yeyote. Wataalamu wengine wakaziendeleza, na kutoka hapo ikakua sarafu mnayoisikia leo, Toncoin. Septemba 2023 Telegram ilitangaza hadharani kuukubali mtandao wa sarafu hiyo, na tangu mwaka 2024 wenye chaneli kubwa wamekuwa wakilipwa nusu ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa katika chaneli zao, kwa malipo ya Toncoin. Kwa hiyo hatutasimama hapa kuwaambia kwamba ni hewa tupu. Ina kazi, ina wanunuzi, na inauzwa katika masoko makubwa ya sarafu za kidijitali duniani. Chombo kinachoibeba kina watu wengi mno. Mwaka 2025 Telegram ilisema imefikisha watumiaji bilioni 1 kwa mwezi.

Sasa bei yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Toncoin moja ilikuwa dola 2 na senti kadhaa. Juni ya mwaka huo ilivuka dola 8. Aliyenunua Januari akauza Juni alipata zaidi ya mara tatu ya fedha zake, na watu wa namna hiyo wapo kweli. Hatuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini kufikia Desemba 2025 sarafu hiyohiyo ilikuwa chini ya dola 2. Tuchukue mfano wa kikundi cha chilimba, ile ambayo ng'ambo huitwa likelemba, chenye wanachama 12, kila mmoja akitoa kwacha 500 kwa mwezi. Mchango wa mwezi ni kwacha 6,000. Kama mchango huo ungeingia katika sarafu siku ile bei ilipokuwa juu kabisa, na ukaachwa hadi Desemba 2025, isingebaki hata kwacha 1,500. Hapo hapana mwizi yeyote. Tumezungumza juu ya sarafu halali, iliyonunuliwa kwa njia halali, na mtu mwaminifu.

Na ni lini mtu wa kawaida husikia habari za sarafu? Huzisikia ikiwa juu. Ilipokuwa dola 2 hakuna aliyekuja Kabuta kuwatangazia.

Mtu akituuliza kwa nini bei hupanda na kushuka namna hiyo, jibu lililo wazi zaidi ni kumuuliza yeye anamiliki nini. Mwenye hisa za kampuni anamiliki kipande cha kampuni. Ikipata faida, anaweza kugawiwa. Mwenye Toncoin hamiliki kipande chochote cha Telegram. Hagawiwi faida, wala hana kura katika maamuzi yake. Anachokimiliki ni sarafu ambayo thamani yake ya kesho inategemea kama kesho atatokea mtu wa kuinunua kwa bei kubwa zaidi. Wazee wetu wa pande hizi waliwahi kutumia misalaba ya shaba ya Katanga kama fedha. Biashara ilipokuwa mbaya, mwenye msalaba bado alibaki na shaba, akaweza kuifua kitu kingine. Chisense wakikosa mteja Kashikishi, bado ni chakula cha watoto. Sarafu ya mtandao ikikosa mteja haina kazi nyingine nyumbani.

Tena bei hiyo huyumbishwa na mambo ambayo hakuna mtu wa mwambao huu anayeweza kuyaona yakija. Tarehe 24 Agosti 2024 Pavel Durov alikamatwa na vyombo vya dola vya Ufaransa katika uwanja wa ndege wa Le Bourget, karibu na Paris. Kwa siku moja sarafu ilipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bei yake. Mtu mmoja alishuka kutoka ndegeni katika nchi ya mbali, na akiba za watu wasiomjua zikapungua kabla hawajaamka.

Jambo jingine ni kwamba sarafu nyingi zimo mikononi mwa wachache. Februari 2023 walioendesha mtandao wa Toncoin walipiga kura kusimamisha kwa miaka 4 akaunti 171 ambazo hazikuwahi kutumika. Ndani yake zilikuwamo sarafu zaidi ya bilioni 1, yaani karibu sehemu moja ya tano ya zote zilizokuwapo. Ninyi mnajua soko. Ikiwa mtu mmoja ana ghala lenye dagaa wa msimu mzima na hajafungua mlango, bei ya leo sokoni ni ya kuazima.

Telegram si ya kwanza kujaribu. Kampuni ya Kik ya Kanada, iliyokuwa na programu ya ujumbe, ilikusanya karibu dola milioni 100 mwaka 2017 kwa sarafu yake iitwayo Kin, ikaishia mahakamani na kulipa faini ya dola milioni 5 mwaka 2020. Facebook yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, ilitangaza sarafu ya Libra mnamo Juni 2019, ikaibadilisha jina kuwa Diem, na mwanzoni mwa mwaka 2022 mradi ukauzwa bila sarafu hiyo kuwahi kumfikia mwananchi. Ukubwa wa programu, basi, haujawa dhamana ya sarafu yake.

Na vijana wetu mnaukumbuka mchezo wa kugonga kioo cha simu ulioitwa Hamster Kombat, uliochezwa ndani ya Telegram na watu wa mataifa mengi mwaka 2024. Miezi mizima watu waligonga vioo wakiahidiwa sarafu. Sarafu ziligawiwa tarehe 26 Septemba 2024 kwa bei ya kama senti moja ya dola kwa kila moja, kisha zikaendelea kushuka. Wengi walitoka na dola chache. Kijana anayelipia kuchaji simu kibandani apige hesabu yake mwenyewe kuona kama alipata au alilipa.

Kwa hiyo, mkituuliza kama sarafu hiyo ina uwezo wa kuongeza fedha, tutasema ndiyo, kama ilivyo na uwezo wa kuzipunguza, na haitoi taarifa kabla. Mtu mwenye fedha ambazo zikipotea zote hakuna mtoto atakayekosa shule wala mgonjwa atakayekosa nauli ya hospitali, huyo ni mtu mzima na mali ni yake. Lakini fedha za miezi ya kufungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba, fedha ambazo lazima ziwepo Januari kwa sababu Januari haina nyavu, hizo hazifai kabisa kuingizwa humo. Vivyo hivyo mchango wa chilimba, ambao si mali ya mhasibu bali ni ya zamu ya mwenzake. Mhasibu akiupeleka kwenye sarafu bila idhini ya wenzake, hata kwa nia njema, anaweza kujikuta mbele yetu akijibu shtaka.

Sheria inasemaje? Oktoba 2018 Benki Kuu ya Zambia ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini, kwamba yenyewe haizisimamii, na kwamba anayejishughulisha nazo anafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Taarifa hiyo haikumwita mnunuzi mhalifu. Ilimwambia tu kwamba akianguka, benki kuu haitakuwa chini kumdaka. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo lake mwaka 2015, na ya Tanzania mwaka 2019. Kenya imekwenda mbele zaidi na mwaka 2025 ikatunga sheria ya kuwapa leseni wafanyabiashara wa sarafu hizo. Basi anayekuja kwenu akisema kwamba sarafu yake imeidhinishwa na benki kuu kama fedha, mwambieni awaonyeshe karatasi, nanyi mtuletee karatasi hiyo. Tutafurahi sana kuiona.

Tukaribie sasa swali la pili, ambalo kwa kazi yetu ndilo zito zaidi.

Anayeuza sarafu katika vijiji vya mwambao mara nyingi hauzi sarafu. Hutumia jina la sarafu ya kweli, nembo yake, na habari za kweli za bei kupanda, kisha hukuomba umtumie kwacha kwa simu ili yeye akununulie. Baada ya hapo hukuingiza katika kundi la Telegram ambamo watu mia kadhaa wanamshukuru kila asubuhi kwa faida waliyopata. Wengi wa hao si watu. Ni laini za simu zilizo mikononi mwa mtu mmoja au wachache. Utaonyeshwa ukurasa wenye namba zinazopanda. Namba hizo anaziandika yeye. Siku ya kwanza ukiomba kutoa kwacha 200 utapewa, tena upesi na kwa tabasamu, kwa sababu kwacha 200 hizo ni chambo. Siku utakayoomba kutoa 5,000 utaambiwa ulipe kwanza kodi, kisha ada, kisha gharama ya kufungua akaunti. Kila malipo ni wizi mpya juu ya ule wa zamani.

Wengine huja kwa mtindo wa kuleta watu: lete wanne upate asilimia fulani. Huo ndio mzunguko wa fedha ambao sheria zetu za benki na huduma za fedha zimeukataza, uwe na jina la sarafu au la mbuzi. Watu wa Masaka, nchini Uganda, si mbali na Ziwa Victoria, waliujua mwaka 2019. Kampuni iliyojiita Dunamiscoins iliwaahidi faida kubwa, ikapokea akiba za maelfu ya watu, na Desemba ya mwaka huo ofisi zikafungwa. Kabla yake kulikuwa na OneCoin, iliyouzwa duniani kote tangu mwaka 2014, Uganda ikiwemo. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017 na mwaka 2022 Marekani ilimweka katika orodha ya watu 10 inaowatafuta zaidi. Sarafu hiyo haikuwa na mtandao wowote wa kweli nyuma yake. Waliowaleta majirani zao hawakutoweka. Walibaki na majirani hao. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu katika kijiji, mwenye kulipa deni la tapeli wa mbali ni shemeji aliyemleta.

Kuna jambo linalowahusu vijana hasa, nasi tunaomba wazazi walisikilize pia. Aprili 2024 vyombo vya dola vya Zambia viliingia katika kampuni moja mtaa wa Roma, Lusaka, vikawakamata watu 77. Humo mlikuwa na mitambo ya simu na laini zaidi ya 13,000, za ndani na za nje ya nchi. Vijana wa Zambia walikuwa wameajiriwa wakidhani ni kazi ya kituo cha kupokea simu. Kumbe waliketishwa kuandikiana na watu wasiowajua kupitia WhatsApp, Telegram na kwingineko, wakifuata maneno waliyoandikiwa. Waliotapeliwa walikuwa nchi mbalimbali, Singapore na Peru zikiwemo. Juni 2024 raia 22 wa China waliokiri makosa walifungwa, baadhi yao hadi miaka 11, pamoja na kulipa faini.

Laini 13,000 hazikuota mtini. Laini ya simu nchini mwetu husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Kwa hiyo kila kijana anayeombwa asajili laini tatu kwa jina lake na kuziuza kwa kwacha chache, ajue anauza jina lake. Fedha za wizi zikipita katika laini hiyo, jina la kwanza tutakaloliona ni lake, na mlango wa kwanza tutakaoubisha ni wa mama yake. Hatulisemi hili ili kutisha. Linatusikitisha kumhoji mtoto wa kijiji ambaye faida yake yote ilikuwa nauli ya kwenda Mansa, huku mwenye kula akiwa haijui hata njia ya kufika Nchelenge. Aprili 2025 Rais Hakainde Hichilema alitia saini sheria mbili mpya, ya usalama wa mtandao na ya makosa ya mtandao. Kijana aliyekwisha kuuza laini anayo nafasi ya kufika kwetu akaeleza kabla hatujamfikia, na tofauti kati ya kuja na kuletwa ni kubwa.

Ziwa nalo lina shida yake. Mpaka wetu na Kongo unapita majini. Tapeli hulijua hilo kuliko sisi sote. Huketi upande mmoja, akatumia laini ya upande wa pili, akapokea fedha kwa wakala wa upande wa tatu. Husema yuko Kilwa, na hata hapo hamjui ni Kilwa ipi, ule mji wa ng'ambo ulio Kongo au kisiwa chetu kilicho Zambia. Wasafiri wa pwani wangeongeza na ya tatu, ile ya Tanzania. Askari wa Zambia hawezi kupanda mtumbwi akamkamata mtu Pweto. Maombi hupitia ofisi ya Interpol mjini Lusaka na wenzao wa Kongo, na hati hutembea polepole kuliko fedha. Sarafu ikishatumwa kwenda akaunti nyingine, hakuna meneja wa kuirudisha. Mwenye yale maneno 24 ya siri yanayofungua mkoba wa sarafu ndiye mwenye mali. Ukimpa wakala akutunzie, umempa mkoba pamoja na mfuko ulioushika.

Hata hivyo zipo saa chache ambazo msaada unawezekana. Fedha zinapotoka kwako zikiwa bado kwacha katika simu, hazijawa sarafu. Nenda mara moja kwa kampuni ya simu, uombe muamala uzuiwe, kisha uje kituoni siku hiyohiyo, si baada ya wiki. Usifute ujumbe hata kama unakuaibisha. Usitoke katika lile kundi, kwa maana ukitoka unaweza kupoteza mazungumzo yote. Tunahitaji namba uliyotumia fedha, namba ya muamala, saa, majina yaliyotokea kwenye simu, na picha za kurasa ulizoonyeshwa. Wakala aliyepokea asipigwe wala kibanda chake kisichomwe. Mara nyingi naye hajui, na kumbukumbu zake ndizo njia ya kumfikia mwizi. Kibanda kikiungua, ushahidi umeungua.

Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Askari akikuomba fedha ili akuandikie, tutajie jina lake nasi tutashughulika naye kabla ya tapeli wako. Aidha, mtu akikupigia akisema ni polisi wa mtandao, au wakili wa Lusaka, kwamba amezipata fedha zako na unatakiwa kutuma kidogo ili akurudishie, huyo ni mwizi wa pili, na mara nyingi ni yule wa kwanza aliyebadilisha sauti. Hatuombi fedha kwa simu ili kurudisha fedha.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila kilichoibwa kitarudi. Kingi hakirudi. Tunachoweza kuahidi ni kusikiliza bila kucheka, mwenye kulalamika awe mkuu wa kijiji, mwalimu, au binti anayekausha chisense, na awe raia wa Zambia au wa Kongo. Mgeni kutoka ng'ambo aliyetapeliwa katika soko letu ana haki ya kuandika malalamiko hapa hapa.

Kwa vikundi vya chilimba vilivyokwisha kutoa fedha kwa mtu anayejiita wakala wa Toncoin au wa sarafu nyingine yoyote: njooni kabla ya kufungwa kwa uvuvi, mkiwa na daftari la kikundi na simu iliyotumika. Jaribio moja mnaweza kulifanya leo hii, kabla hata ya kufika kwetu. Mwambieni mtu huyo mnataka kutoa fedha zenu zote, siyo faida, zote, na muandike alivyojibu na saa aliyojibu. Akizitoa, mmezipata. Akidai ada kwanza, msilipe. Tuleteeni maneno yake kama alivyoyaandika.

Tuna muda wa maswali sasa. Tutaanza na mama zetu wa chisense, kwa sababu mzigo wao hausubiri jua kuzama, kisha vijana, kisha wageni wanaorudi ng'ambo kwa boti ya jioni.